Tupeane uzoefu: gari lililokuwa "linatembea vizuri tu" mpaka lilipogoma

Mleta mada
Wakuu, habari za humu. Nimetoka gereji kumsindikiza shemeji yangu, injini yake imefunguliwa. Kila fundi akiuliza oili ilimwagwa lini mara ya mwisho, jibu ni moja: "Lakini lilikuwa linatembea vizuri tu."

Kava ya juu ilipotolewa chuma hakikuonekana, lilikuwa tope jeusi zito kama lami, fundi analichokoa kwa bisibisi. Chujio la chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) limeziba, pampu haipati cha kuvuta, beringi za krenki zimesagika. Na shemeji si mtu wa kuacha oili ikauke! Ikishuka anaongeza, tena anajisifia. Ila kuongeza hakutoi masizi na uchafu uliokwisha kuingia. Filta nayo ikijaa, valvu yake ya dharura inafunguka na oili inapita bila kuchujwa.

Haya, mwageni yenu. Nataka hasa dalili za mwanzo, zile ambazo watu huzipuuza.

Usukani Mzito
Taimingi belti, na dalili sikupewa hata moja. Gari nilinunua mkononi kwa mtu. Muuzaji alisema ukweli kwamba hajui belti ilibadilishwa lini, lakini kilomita zilikuwa chache, sote tukaona bado mapema. Kumbe belti ya mpira inahesabiwa kwa kilomita na kwa miaka pia, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Ilikatika barabara kuu. Injini kimya, usukani ukawa mzito ghafla, nikajikokota hadi pembeni. Kwenye injini nyingi valvu na pistoni hupishana kwenye nafasi ile ile kwa zamu, na belti ndiyo inayopanga zamu. Ikikatika, zinagongana. Valvu zangu zilipinda. Ukinunua gari lisilo na karatasi za servisi, hesabu kwamba belti haijawahi kuguswa. Wenye cheni badala ya belti msitucheke, cheni nayo inaishi kwa oili safi.

Fundi Bisibisi
Mimi niko upande wa pili, naletewa magari yakishakufa. Kitu ambacho wateja hawakiulizii kabisa ni mafuta ya breki. Yanafyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kama asilimia 3.7 kiwango hicho ni 155 tu. Sasa teremka mlima mrefu na mzigo, mguu haubanduki kwenye breki. Yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni.

Akifika kwangu breki zimeshapoa, pedali inashika vizuri, mwenye gari anadhani amelogwa. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Na pedi zinapolia, kwenye magari mengi kuna kibati kimewekwa makusudi kipige kelele zikikaribia kuisha. Nimemwona mtu anaongeza sauti ya redio.

Mpita Njia
Fundi, samahani, lakini na nyie mna yenu. Gereji nyingine zinauza hofu, ukienda kumwaga oili unatoka na orodha ndefu. Mimi nafuata kitabu cha gari, basi.

Fundi Bisibisi
Mkuu, hilo sikatai, wapo. Kitabu ndicho mwamuzi, ila soma na ukurasa wa matumizi magumu, maana wengi wanauruka. Vumbi, foleni, mizigo mizito na safari fupi fupi vinafupisha muda wa servisi. Safari fupi ndizo zinazodanganya zaidi: oili haipati moto wa kutosha kuvukiza maji na mafuta yanayopenya ndani yake, kwa hiyo gari la kwenda hapo na kurudi laweza kuchafua oili upesi kuliko la masafa marefu.

Dereva wa Kuajiriwa
Nyie mna bahati magari ni yenu. Mimi nilikuwa naandika kila wiki "linapunguza maji", bosi anajibu "jazia". Tukajazia ya bomba mpaka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yote ikaisha nguvu, rejeta ikaota kutu ndani. Baadaye likachemsha, gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) ikaungua. Moshi mweupe nyuma, kijiti cha oili kinatoka na povu la kahawia lililopauka. Hedi ya aluminiamu ikishapata joto hilo inapinda, na ikapinda kweli. Ripoti zangu nilikuwa nazihifadhi, ndizo zilizoniokoa.

Kimya Kimya
Tairi. Angalieni tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (michongo ya tairi) nzuri haimaanishi mpira mzima.

Mgeni Humu
Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Taa nyekundu ya oili inawaka gari likisimama kwenye taa za barabarani, nikikanyaga mafuta inazima. Gereji si mbali, nilifikishe?

Fundi Bisibisi
Zima sasa hivi. Hiyo ni taa ya presha, si ya kiwango. Subiri dakika chache mahali pa tambarare, uchomoe kijiti, ufute, urudishe, usome.

Mgeni Humu
Iko kati ya alama mbili, nyeusi sana.

Fundi Bisibisi
Basi oili ipo ila haisukumwi inavyotakiwa, au swichi ya presha ndiyo mbovu. Hatubahatishi. Usiwashe tena, tafuta gari la kuvuta, na ukifika waambie wapime presha kwa geji kabla ya kufungua kitu chochote.