Naomba ushauri: nataka kuona theluji ikianguka Kilimanjaro, niende mwezi gani?

Binti wa Nyika
Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mkazi wa Dodoma, na theluji nimewahi kuiona kwa mbali tu, ikiwa imetulia juu ya kilele cha Kibo, nikiwa ndani ya basi la kwenda Moshi. Nimekuwa nikiweka akiba ili nipande mlima, lakini shabaha yangu hasa si kilele. Nataka niwe mahali theluji inapoanguka, inigonge usoni. Wakala mmoja wa utalii ameniambia niende Januari au Agosti kwa sababu njia huwa kavu na anga huwa safi. Hapo ndipo ninapopata shaka, kwa kuwa anga ikiwa safi sioni ni kitu gani kitakachoanguka. Naombeni ushauri kuhusu mwezi, njia na mavazi.

Mgumu Mstaafu
Dada, wakala hakukudanganya. Amekujibu kama anavyowajibu wanaotaka kileleni, ambao ndio wengi. Theluji ya Kilimanjaro ni mvua ile ile ya masika na vuli, isipokuwa kule juu inakutana na baridi ya kuigandisha. Kwa hiyo miezi yako ni Novemba hadi Desemba mwanzoni, au Machi hadi Mei. Mimi ningechagua Novemba, maana wakati wa masika njia ya msituni huwa tope tupu na mzigo wa kila mtu huongezeka uzito kwa maji.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni saa. Wapandaji huondoka kambi ya mwisho usiku wa manane ili wafike kileleni Uhuru, mita 5,895, alfajiri, na saa hizo mara nyingi mawingu huwa chini yao. Jua likishapasha miteremko, mawingu hupanda kutoka msituni, na theluji huja zaidi alasiri, wakati watu wamejifungia ndani wakisubiri safari ya usiku. Wewe ukifika kambi ya Kibo, mita 4,720, mchana, kula, kisha vaa utoke nje ukae.

Babu Rongai
Naunga mkono, pamoja na kwamba jina langu linanisuta: usipite njia ya Rongai, kwa sababu upande huo wa kaskazini hupata mvua kidogo. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala, na msimu wa mvua kitanda kikavu ni neema. Ongeza usiku mmoja kambi ya Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Viingilio vya raia ni nafuu sana kuliko vya wageni kutoka ng'ambo, ila kupanda bila mwongozaji hairuhusiwi.

Msafiri wa Minnesota
Huku ninakoishi theluji huanguka kwa mabonge mepesi, kimya kabisa, lakini nilipopanda Kilimanjaro nilikutana na chembe ndogo za mviringo, kama sago, zikichakarika juu ya koti la mvua. Usivunjike moyo ukizipata hizo kwanza, kwa kuwa chembe za theluji zenye umbo la nyota ya ncha sita zinaweza kufuata baridi ikizidi. Vaa glovu nyeusi, unyooshe mkono na kuzuia pumzi, la sivyo zitayeyuka kabla hujaziangalia. Fulana ya pamba iache Moshi. Ikilowa haikaushiki huko. Simu iweke karibu na mwili, maana baridi humaliza chaji haraka, na miwani ya jua usiisahau: theluji mpya huurudisha mwanga mwingi kiasi cha kuunguza macho.

Binti wa Nyika
Asanteni sana. Nimeamua Novemba, njia ya Marangu. Je, nikifika Kibo na alasiri ikapita bila kitu, si nilale hapo siku ya pili nikisubiri?

Mgumu Mstaafu
Sikushauri, dada. Kibo usingizi ni wa taabu na hamu ya chakula hupotea. Siku za ziada zitumie Horombo, ambako ukiamka unaweza kutembea juu hadi Mawe ya Pundamilia, ile miamba yenye mistari, na kurudi kulala. Na mwambie mwongozaji ukweli kuhusu hali yako. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida, lakini ukianza kutapika, kuyumba, au kuhema ukiwa umekaa tu, utateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama theluji ndiyo kwanza inaanza.