Membranipora au Electra? Miiba inanichanganya

mwani_kavu: Nina koloni bapa ya briozoa (wanyama wadogo wa majini wanaoishi wameshikana), nyeupe kama lesi, imetanda kwenye jani la mwani wa kahawia. Zuidi (mnyama mmoja mmoja wa koloni pamoja na kijumba chake) ni za mstatili, zimepangana kama matofali. Yote yananielekeza kwa Membranipora membranacea, ila zuidi za ukingo mmoja zina miiba kwenye pembe. Je, ni Electra pilosa? Sampuli iko kwenye ethanoli 70%.

gamba_laini: Miiba iache kwanza. Angalia sehemu ya chini ya uso wa zuidi, upande unaoelekea katikati ya koloni. Electra pilosa ina ukuta wa chokaa hapo, wenye vitundu vinavyopitisha mwanga, na mwiba mmoja katikati ya ukingo wa chini wa utando. Kwa Membranipora utando hufunika karibu uso mzima. Ovisela (vifuko vya kulelea viinitete) usihangaike nazo, spishi zote mbili hazina: larva zake hujilisha zenyewe zikielea majini.

Miiba ya pembe haikanushi Membranipora. Huiotesha ikiguguniwa na konokono uchi wa baharini; hata kemikali za konokono huyo ndani ya maji zinatosha. Zuidi changa za ukingoni ndizo huionyesha zaidi.

chokaa40: Utando ukague kwa ukuzaji wa mara 40 na upige picha KABLA ya kusafisha. Hipokloriti ya sodiamu (dawa ya kupaukisha nguo) ya kusafishia inakula utando, kifuniko cha mdomo na misuli, hutavipata tena. Kisha kata kipande cha sentimita 1, kitie kwenye hipokloriti iliyozimuliwa nusu kwa nusu, uwe unakichungulia. Ukikisahau kitasambaratika, maana kuta za pembeni za Membranipora zina mikanda isiyo na chokaa (ndiyo inayoiwezesha kujikunja pamoja na mwani). Suuza mara 3, kaushia hewani.

gamba_laini: Na kabla ya kukata, tafuta ansestrula, zuidi ya kwanza kabisa. Electra huanza na moja, Membranipora na pacha.

mwani_kavu: Ziko mbili, zimeshikana. Ukuta wenye vitundu sijauona popote.

chokaa40: Basi ni Membranipora. Kwenye lebo andika Membranipora membranacea (Linnaeus, 1767), mabano yabaki, yanaonyesha kuwa spishi ilihamishwa jenasi: Linnaeus aliiweka kwenye Flustra. Na usiihamishie kwenye fomalini isiyo na bafa (kitu cha kutuliza asidi), asidi yake italamba chokaa yote.