Bukoba hatuna volkano na Bonde la Ufa liko mbali. Sasa lile tetemeko lilitoka wapi?

mama_kashai
Habari za humu ndugu zangu, naomba mnielimishe. Ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, nilikuwa uani napembua maharage. Ardhi ilinguruma kwanza, ndipo ikatikisika. Ukuta wa sebule ukachanika kuanzia kona ya dirisha mpaka juu, ufa wa kupitisha kidole. Usiku tulilala nje migombani na watoto.

Sasa nataka kuongeza chumba. Kila nikipanga, naletewa sauti za WhatsApp eti chini ya ziwa kuna volkano inakuja. Shuleni tuliambiwa matetemeko hutokea mpakani mwa mabamba, vile vipande vikubwa vya gamba la dunia, na Bonde la Ufa ni la huko Manyara. Sisi wa Kagera tumeingiaje?

kijana_geita
Pole mama. Huku wengi wanasema ni migodi, baruti zimelegeza ardhi.

mwl_karatu
Pole sana mama. Kijana, baruti ya mgodini haifiki kule. Lile tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, karibu na Nsunga mpakani mwa Uganda, na mwamba ulivunjika chini sana, kama kilomita 40.

Kinachotupotosha ni ramani ya ukutani darasani, ile inayochora mpaka wa mabamba kwa mstari mmoja mwekundu. Nimefundisha jiografia hadi kustaafu na ramani hiyo imenisumbua miaka yote. Kwetu ni bara zima linapasuka, na bara halipasuki kwa mstari. Bamba la Nubia liko magharibi, la Somalia mashariki, na katikati ufa umetoka mikono miwili. Wa mashariki unashuka Turkana, Naivasha, Natron, Manyara. Wa magharibi unapita Ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa hadi Nyasa. Wewe mama uko katikati, juu ya kipande cha mwamba mkongwe kilichoko kati ya mikono yote miwili. Mwamba huo nao una nyufa zake za zamani, na zikizidiwa zinateleza.

Mwendo wenyewe ni mdogo. Kwa milimita tatu hivi kwa mwaka, mtu akiishi miaka 70 anaacha bonde limepanuka shubiri moja. Lakini haliendi polepole kila siku. Mwamba unang'ang'ana miaka na miaka, kisha unaachia kwa mara moja.

Na mikono hiyo haifanani tabia. Huku kwetu mashariki chini kuna joto zaidi, rojo la moto, yaani mwamba ulioyeyuka, linapanda, ndiyo maana tuna volkano za Longonot, Ngorongoro na Lengai. Mwaka 2007 nilienda Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, baada ya yale matetemeko ya Julai. Ardhi ilitikisika kwa wiki kadhaa upande wa mlima Gelai, kubwa lao likiwa 5.9, na Nairobi watu walikimbia kutoka maghorofani. Nilikanyaga nyufa mbugani, upande mmoja wa ardhi umeshuka, nyasi zimening'inia ukingoni zikiwa na mizizi. Rojo lilikuwa limejipenyeza chini bila kutoka. Septemba Lengai ikalipuka majivu. Lava yake ya kawaida ni ya ajabu, ina magadi mengi, inatoka nyeusi kwenye nyuzi 500 na kitu, na ikipata unyevu inageuka nyeupe baada ya siku chache tu. Hakuna mlima mwingine duniani unaotoa lava hiyo leo.

Magharibi gamba la dunia ni la kale, nene, limepoa zaidi. Ukitoa Virunga na Rungwe, volkano ni chache, ila linavunjika kwa kina na kwa nguvu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 kwa sababu sakafu yake imedidimia kati ya nyufa mbili. Rukwa 1910 lilipita tetemeko la 7.4 hivi. Tanganyika, Desemba 2005, 6.8.

Tena ziwa lenu ni zao la mambo hayohayo. Zamani mito ya Kagera na Katonga ilitiririka kwenda magharibi. Kingo za ufa wa magharibi zilipoinuka, mito ikazuiwa na kugeuzwa, maji yakatuama kwenye bakuli. Ndilo Victoria, lenye kina cha mita 80 hivi tu. Upande wa Bukoba hakuna volkano hai chini yake. Mabaki ya volkano yaliyoko Rusinga, Kenya, yalizimika mamilioni ya miaka iliyopita. Zile sauti zifute mama.

goma_himbi
Mwalimu amesema kweli, ila huku kwetu Goma, Kongo, volkano na matetemeko vinakuja pamoja. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilitapika jioni, na lava ikakomea pembeni mwa mji. Tukadhani imekwisha. Kumbe rojo liliendelea kutembea chini ya mji kuelekea ziwani, matetemeko usiku na mchana, barabara zikapasuka. Tarehe 27 wakatuambia tutoke, tukaenda na miguu mpaka Sake. Mimi matetemeko yale yaliniogopesha kuliko moto. Moto unauona unapotokea.

mama_kashai
Asanteni sana. Basi litarudi? Na nijenge vipi? Fundi anasema tofali za kuchoma na udongo zinatosha, linta, ule mkanda wa zege, ni gharama bure.

mwl_karatu
Siku hatuwezi kuijua, hakuna anayeweza kuitabiri. Kurudi litarudi. Huyo fundi usimkubalie, linta ndiyo ya kwanza kulipia. Iwe na nondo, ipite juu ya kuta zote bila kukatika, hata ule wa katikati, na nondo zifungwe vizuri konani. Jengea saruji badala ya udongo. Dirisha liweke mbali na kona, maana hata ule ufa wako ulianzia hapo. Na kozi za juu za ukuta wa pembetatu chini ya paa zipunguze, huwa ndizo za kwanza kuanguka, na huangukia mlangoni watu wanapokimbilia.