Mafundi wa silikoni, mnatuozeshea boti!

Wakuu, huu mchezo ukome. Boti ya fiba ya zamani ikianza kuvuja kwenye madirisha ya kusukuma, fundi anakuja na bunduki ya silikoni, anazungushia fremu yote kwa nje, anapokea hela, anaondoka. Masika yakiingia godoro limelowa, anaitwa tena, anapaka juu ya ile ya zamani. Hayo si matengenezo. Ni kuua boti polepole, tena kwa gharama ya mwenye boti.

Dirisha la aina hii halikuundwa lizuie maji yote. Maji yanaingia kwenye reli ya chini, kisha yanatoka nje kwa vitundu vilivyotobolewa kwenye reli hiyo. Vitundu vikiziba kwa chumvi na mchanga, reli inafurika kwa ndani na maji yanashuka nyuma ya bitana hadi kwenye plaiwudi iliyobanwa katikati ya fiba. Halafu wewe fundi unakuja kuviziba kabisa! Plaiwudi ikioza skrubu hazishiki, fremu inalegea, kuvuja kunazidi. Na silikoni inayonuka siki ni mbaya zaidi: inapokauka inatoa asidi inayokula alumini, na mabaki yake kwenye fiba hayakubali rangi wala gundi.

Kioo kikigoma kusogea, mnakichokonoa kwa bisibisi. Kinachokibana ni ule mkanda wa manyoya ndani ya reli. Mingi ya zamani ina utepe wa chuma ndani yake. Ukishika kutu unavimba. Kioo cha tempa (kilichoimarishwa kwa kuchomwa) ukikigonga ukingoni kinasambaratika chote, na kipya hakikatwi kikishachomwa, kwa hiyo kiolezo cha kukatia kiwe sahihi tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ni kuitoa fremu. Fungua skrubu za pete ya ndani, ile inayoibana fremu. Zilizoganda zitie mafuta ya kulainisha, ziache usiku kucha. Kata gundi ya zamani kwa kisu chembamba, sukuma fremu nje kwa kabari za mbao. Ukitumia patasi alumini inapinda, na fremu iliyopinda hailali tena. Fremu nyingi zina kiungo kimoja chenye kipande cha kuunganishia: kifungue, toa vioo, ng'oa mkanda wote.

Zibua vitundu kwa biti ya drili ya milimita 5 au 6. Kama boti inaelea ikiwa imeinamia tezi (nyuma), hakikisha kuna kitundu kwenye kona ya reli iliyo upande wa tezi, maana maji yanakusanyika huko. Mkanda mpya upimwe kwa unene wa kioo, na UKATWE pale penye vitundu. Hili linasahaulika kila mara: mkanda unalazwa juu ya vitundu na dirisha jipya linavuja kuliko la zamani.

Choma plaiwudi kwa msumari kuzunguka tundu lote la dirisha. Palipo laini kwangua hadi ufike penye mbao ngumu, pakauke kabisa, jaza epoksi nzito. Kisha weka utepe wa butili (mpira laini unaonata) kwenye ukingo wa fremu, tabaka mbili kwenye kona. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kuzunguka, si moja hadi mwisho. Butili inatambaa taratibu, kwa hiyo kesho na keshokutwa rudi ukaze tena. Skrubu za stenlesi zipake grisi, la sivyo chumvi itazigandisha kwenye alumini.

Halafu mwaga kikombe cha maji kwenye reli. Yasipotoka nje mara moja, usipokee hela ya mtu.

JIBU LA 1
Mkuu umesahau perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo. Wanabadilisha kioo kwa perspeksi, wanaikata kavu kavu bila nafasi ya kutanuka. Kipande cha mita 1 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi kinarefuka kama milimita 1.4. Juani kinajipinda, kinagoma. Halafu wanaisafisha kwa thina, inajaa nyufa ndogo ndogo. Maji na sabuni tu!

JIBU LA 2 (mwenye uzi)
Kweli kabisa mkuu. Na usiizibe perspeksi kwa gundi ya poliuretani wala polisalfaidi, zinaishambulia. Wenye boti, kabla hujampa mtu kazi muulize vitundu vya reli viko wapi. Akikosa jibu, mwambie arudishe bunduki yake kwenye madirisha ya nyumba.