Guo Jingming: radhi imechukua miaka 14, halafu mtu ananiambia "alishalipa"!

Wakuu, nina hasira toka jana usiku, nisipozitema hapa silali.

Kwenye kundi letu la wasomaji wa riwaya nilimtaja Guo Jingming, yule Mchina wa Zigong, Sichuan, aliyekuwa akiuza vitabu kama karanga na umri wake miaka ishirini tu. Jamaa mmoja akanijibu: "Kaka, faini alishalipa, muache kijana wa watu." Watu wakamgongea dole gumba!

Kwanza haikuwa faini, ilikuwa fidia ya kunakili riwaya ya mtu. Mwaka 2003 dada mmoja, Zhuang Yu, alitoa riwaya yake. Mwaka huohuo Guo naye akatoa ya kwake, ikavuma nchi nzima. Dada akaenda mahakamani Beijing, na mahakama ikakuta matukio makuu 12 yanafanana, na sehemu nyingine ndogondogo 57. Hamsini na saba, jamani! Mnaniambia mawazo ya watu hugongana. Sawa, yagongane mara moja, mbili, hata tatu. Mara 57 huko ni kumfuata mtu mpaka chooni.

Mei 2006 Mahakama Kuu ya Beijing ikafunga mjadala: yeye na mchapishaji walipe yuan 200,000, na 10,000 juu kwa maumivu ya moyo, kitabu kisiuzwe tena, na aombe radhi hadharani. Pesa ikatoka, tena kwa tajiri yule ilikuwa hela ya vocha. Radhi akagoma. Mashabiki wakamkingia kifua, na 2007, wino wa hukumu haujakauka, Chama cha Waandishi cha China kikampa uanachama. Hapo ndipo ninapochefukwa zaidi kuliko hata kwenye wizi wenyewe.

Mimi si mwandishi mkubwa, ni hadithi fupi mbili tatu tu. Lakini kuna sentensi moja ilinikalisha mezani mpaka chai ya maziwa ikaota utando, naifuta, naiandika, naifuta. Aje mtu aibebe kama kiberiti cha jirani, halafu niambiwe chukua hela unyamaze?

Radhi ilikuja lini? Desemba 2020 watu zaidi ya mia wa filamu na tamthilia walitia saini barua ya wazi kumpinga yeye na Yu Zheng, mwandishi wa tamthilia ambaye naye mahakama ilimkuta amenakili. Filamu mpya ya Guo ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kumbini tarehe 25. Kitumbua kikaanza kuingia mchanga. Tarehe 31 akaomba radhi. Na Yu Zheng naye, siku hiyohiyo! Dhamiri zao zina saa moja ya kengele?

Zhuang Yu aliipokea, akapendekeza uanzishwe mfuko wa kupambana na wizi wa maandishi. Mimi nisingekuwa na moyo huo.

Na wewe kaka wa "kijana wa watu": siku anaomba radhi, kijana wako alikuwa na miaka 37.