Mrejesho: tochi ya kukaa nayo mfukoni

Wakuu, niliomba ushauri wa tochi ya LED ya kutembea nayo kila siku, maana huku Kibosho, Moshi, usiku njia ya migombani ni giza totoro. Nimechukua ya betri moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya kuchaji, nene kuliko za kawaida za AA), inachajiwa kwa waya wa Type-C wa simu. Aliyesema nisihangaike na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) nyingi, ubarikiwe sana! Mwanga mkubwa kabisa hushuka wenyewe baada ya muda mfupi, tochi ikipata moto. Lumeni 100 zinatosha, mfereji unauona kabla hujaukanyaga. Ninachokipenda zaidi ni ule mwanga hafifu wa chini kabisa: namfunika mtoto usiku na wala haamki. Anayetaka betri za kununua duka lolote, achukue tochi ya betri za AA.