Naombeni ushauri: mara yangu ya kwanza kuwinda nguruwe pori, Texas

Mgeni wa Brazos
Wakuu, habari za muda huu. Jumamosi ya wiki ijayo naenda kuwinda nguruwe pori kwa mara ya kwanza, ranchi ya mtu binafsi nje ya San Antonio. Rafiki ananiazima bunduki ya .30-30 yenye darubini. Tutakaa kwenye dungu karibu na mashine ya kumwaga mahindi kuanzia saa 10 jioni. Nivae nini, nilenge wapi, na nyama niifanyeje isiharibike njiani? Usingizi umeanza kunikimbia. Nawasilisha.

Mlenga Chini
Nguo zisikuumize kichwa, vaa rangi ya majani makavu. Nguruwe haoni vizuri, ila pua yake ni balaa. Upepo utoke kwenye mahindi uje usoni kwako. Upepo ukigeuka, hamieni dungu la upande wa pili. Marashi na sabuni za kunukia ziache nyumbani. Viatu vifike chini ya goti, nyoka wapo.

Kulenga ndiko wengi wanakoharibu. Moyo na mapafu ya nguruwe vimekaa chini na mbele zaidi kuliko vya kulungu. Akikupa ubavu, panda na mguu wa mbele hadi theluthi ya chini ya kifua, hapo hapo. Ukipiga katikati ya mwili umetoboa tumbo: anakimbilia kichakani na nyama inachafuka. Dume mkubwa ana ngao ngumu kama gegedu mabegani, na risasi nyepesi inayopasuka haraka huishia humo. .30-30 yenye risasi ya uzito wa greni 150 au 170 inatosha ndani ya yadi 100.

Mzee wa Kilombero
Huyo wa Texas msimchanganye na wa kwetu anayemaliza mihogo usiku. Wa huko ni nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania wakatoroka, baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Ndiyo maana utaona weusi, wekundu na wa madoadoa kundi moja.

Binti Ustaadh
Nchi nzima hiyo umekosa mnyama mwingine, kaka yangu? Kulungu wamejaa. Mche Mungu.

Daktari Mifugo
Dada, aliyeuliza anataka kujua nyama, tumjibu. Mgeni, vaa glavu za mpira na miwani kabla hujapasua. Nguruwe hawa hubeba bakteria wa brusela, wanaoingia kwa mkwaruzo mdogo tu au damu ikikurukia machoni, na homa inaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Friza haiwaui, na haiaminiki kwa minyoo ya trikinela pia. Kinachoua ni moto: kipimajoto kikisoma nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya pande la nyama, kula. Mbwa asionje mbichi.

Ngozi na mafuta hufungia joto ndani, kwa hiyo toa matumbo na uchune mapema. Sanduku la barafu liache wazi tundu la chini, maji ya damu yatoke. Nyama ikiogelea inaharibika.

Kanuni Kwanza
Mleta uzi, una leseni ya uwindaji? Na uko Marekani kwa kibali gani?

Mgeni wa Brazos
Leseni haihitajiki, mkuu. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas imeruhusu nguruwe pori bila leseni kwenye ardhi binafsi, mwenye shamba akikubali. Na amekubali, ranchi nimeshalipia kianzio.

Kanuni Kwanza
Nimeuliza mawili, umejibu moja.

Mgeni wa Brazos
Viza ya masomo, F-1. Lakini bunduki si yangu, naishika tu.

Kanuni Kwanza
Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, na kushika ya kuazima kunahesabika. Moja ya misamaha ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Texas imekuondolea leseni kwa ajili ya nguruwe, ila wewe ukienda bila leseni unavunja sheria ya nchi, na viza inaweza kwenda na maji.

Mgeni wa Brazos
Mwenzangu wa F-1 alienda bila hiyo leseni na hakuna aliyemuuliza.

Kanuni Kwanza
Kutoulizwa hakujampa ruhusa.

Jicho la Tatu
Wakuu, hii ni chai. Mgeni, hiyo darubini imerekebishwa ili risasi ipige sawa kwa yadi ngapi?

Mgeni wa Brazos
300, nimeambiwa.

Jicho la Tatu
Mnaona? .30-30 iliyowekwa sawa kwa yadi 100, ikifika 300 imeshashuka zaidi ya futi 2. Hakuna anayeirekebisha kwa 300. Stori imetungwa hii.

Mgeni wa Brazos
Si chai. Nimeandika alichoniambia mwenye bunduki. Mimi sijawahi hata kuishika.

Mlenga Chini
Chai au si chai, jibu linamfaa mwingine atakayesoma. Kama kweli ni 300, kwa yadi 100 itapiga karibu futi nzima juu, yaani juu ya mgongo. Lazima ijaribiwe.

Kanuni Kwanza
Na kama hujaishika, bado uko salama. Usiiguse hata kwenye uwanja wa shabaha kabla ya leseni. Waliozaliwa kuanzia 2 Septemba 1971 wanatakiwa kozi ya elimu ya uwindaji kabla ya kuwinda. Mwenye miaka 17 na zaidi anaifanya mtandaoni. Ukiwa umeishi Texas zaidi ya miezi 6 mfululizo, leseni ya mkazi ni dola 25. Inaisha 31 Agosti kila mwaka, angalia tarehe. Hali yako mwonyeshe mwanasheria wa uhamiaji kabla ya Jumamosi, na ranchi waombe wakusogezee siku.

Mgeni wa Brazos
Kozi nimeifungua sasa hivi. Ranchi nitawapigia kesho asubuhi. Leseni ikitoka, nikifika uwanjani naanzaje?

Mlenga Chini
Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, usiegemeze mtutu wenyewe. Anza yadi 25 uone karatasi inapigwa wapi, kisha 100. Piga 3, acha mtutu upoe, rekebisha, piga 3 tena. Tumia risasi za boksi lile lile utakalokwenda nalo. Ukibadilisha aina, unaanza upya.